Maumivu ya Ubavuni: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Tiba ya Hospitali na Tiba ya Kichina

Maswali yanayoletwa ni yale yale. Mtu anaumwa chini ya mbavu za kulia na anauliza kama ini lake limeharibika. Mwingine ameambiwa na tabibu wa Kichina kwamba chi (nguvu inayoendesha mwili) ya ini lake imekwama, akaenda kupima ini maabara, majibu yakatoka safi, na sasa hajui amwamini nani. Wa tatu anaumwa upande wa kushoto na hana hakika kama ni moyo, tumbo au gesi tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Unaanza na hatari, unakwenda kwenye mahali panapouma na tabia ya maumivu, kisha vipimo, na tafsiri ya Kichina inakuja baadaye. Mpangilio huo hauidharau tiba ya Kichina. Sababu yake ni kwamba baadhi ya magonjwa yanayojitokeza ubavuni huweza kuua ndani ya saa chache, na magonjwa hayo hayasubiri mitishamba ichemke.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Andaa daftari na kalamu, kipimajoto, saa inayoonyesha sekunde, kioo, na mahali penye mwanga wa mchana. Andika orodha kamili ya dawa unazotumia, pamoja na vidonge vya kupunguza uzito, virutubisho na mitishamba ya aina yoyote, kwa maana wagonjwa wengi huacha kutaja mitishamba wakidhani kwamba si dawa. Kusanya majibu ya vipimo vya zamani kama unayo. Mtafute pia mtu mmoja unayemwamini akuangalie mgongoni, kwa kuwa vipele vinavyoeleza maumivu yote wakati mwingine viko mahali ambapo mwenyewe huwezi kupaona.

Hatua ya 1. Hakikisha kwanza kwamba si dharura

Usiendelee na hatua nyingine yoyote kabla ya kuipitia orodha hii. Ukiona hata dalili moja kati ya hizi, nenda kwenye kitengo cha dharura mara moja, na usiendeshe gari mwenyewe:

- Maumivu ya kubana au kulemea kifuani, hasa yakisambaa mkononi, mgongoni au kwenye taya, pamoja na jasho jingi, kichefuchefu au kuishiwa nguvu.
- Kukosa pumzi kwa ghafla, kukohoa damu, au kuzimia. Hatari huwa kubwa zaidi ikiwa mguu mmoja umevimba, au umetoka kufanyiwa upasuaji, au umekaa kitandani kwa muda mrefu, kwa sababu donge la damu linaweza kuwa limesafiri kutoka mguuni hadi kwenye pafu.
- Homa yenye kutetemeka pamoja na macho kuwa ya manjano. Mchanganyiko huo pamoja na maumivu ya kulia huashiria maambukizi katika mirija ya nyongo.
- Maumivu ya kushoto baada ya kuanguka au kugongwa, yakiambatana na kizunguzungu au maumivu kwenye ncha ya bega la kushoto. Bandama iliyopasuka huvuja damu tumboni bila jeraha lolote kuonekana nje.
- Ujauzito uliopita wiki ya 20 wenye maumivu chini ya mbavu za kulia, maumivu makali ya kichwa, kuona vimulimuli au kuvimba uso. Hiyo inaweza kuwa dalili ya shinikizo la damu la ujauzito lililoanza kuathiri ini, na huhatarisha mama na mtoto pamoja.
- Tumbo lililokuwa gumu kama ubao, au kutapika kusikokoma.
- Homa na maumivu ya kifua kwa mtu mwenye selimundu.

Kosa linaloumiza watu wengi hapa ni kusema, "Nitaangalia mpaka kesho." Shambulio la moyo kwa wanawake, kwa wazee na kwa wenye kisukari mara nyingi halina yale maumivu makali ya katikati ya kifua ambayo kila mtu anayatarajia. Linaweza kuja kama usumbufu chini ya mbavu, kiungulia kisichoeleweka, au uchovu mkubwa wa ghafla.

Hatua ya 2. Onyesha mahali hasa panapouma

Vua nguo za juu, simama mbele ya kioo, na uonyeshe mahali panapouma bila kuwaza jina la ugonjwa. Angalia umetumia nini kuonyesha. Mtu anayeonyesha kwa ncha ya kidole kimoja mara nyingi ana tatizo la ukuta wa kifua, yaani mfupa, gegedu, msuli au neva. Anayepapasa kwa kiganja kizima, akishindwa kusema panapoanzia na panapoishia, mara nyingi anaumwa na kiungo cha ndani. Kanuni hii si kamili, lakini ni mwanzo mzuri.

Binadamu ana jozi 12 za mbavu. Jozi 7 za juu zimeshikana moja kwa moja na mfupa wa kidari kwa gegedu zake zenyewe, 3 zinazofuata hujishikiza kwenye gegedu ya ubavu ulio juu yake, na 2 za mwisho zinaelea nyuma bila kufika mbele. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mbavu za chini hazilindi mapafu peke yake. Ini, lenye uzito wa takriban kilo 1.5 kwa mtu mzima, limejificha karibu lote chini ya mbavu za kulia. Bandama iko kushoto, nyuma ya ubavu wa 9 hadi wa 11. Sehemu ya juu ya figo nayo imefunikwa na mbavu za mwisho upande wa mgongoni. Kwa hiyo "ubavu unauma" inaweza kuwa habari ya kifua, ya tumbo au ya figo.

Tiba ya Kichina nayo huanza na mahali. Eneo linaloitwa xie ni pande mbili za kiwiliwili, kuanzia chini ya kwapa hadi ubavu wa mwisho, na maumivu yake huitwa xietong. Maumivu ya katikati ya kifua na yale ya tumbo la juu yana majina yake mengine na maelezo yake mengine. Ukimweleza tabibu wa Kichina kwamba "kifua kinauma" ilhali panapouma ni ubavuni, umemwelekeza njia isiyo yake tangu mwanzo.

Andika daftarini upande, mbele au nyuma, juu au chini, na kama maumivu yanasafiri. Ya kifuko cha nyongo hupenda kwenda mgongoni au chini ya mfupa mpana wa bega la kulia. Ya jiwe la figo huanzia nyuma chini ya mbavu na kushuka hadi kwenye kinena. Ya kongosho hupenya kutoka tumbo la juu hadi mgongoni. Ya neva hufuata mstari kama mkanda, kutoka uti wa mgongo kuja mbele, upande mmoja tu.

Hatua ya 3. Angalia maumivu yanavyoitikia

Sasa fanya majaribio machache kwa upole, ukiandika jibu la kila moja.

Kwanza, bonyeza kwa kidole mbavu moja moja na maungio yake na mfupa wa kidari. Maumivu yakirudi vile vile unapobonyeza gegedu iliyo karibu na kidari, inawezekana ni uvimbe wa gegedu, ambao huwapata zaidi watu kwenye ubavu wa 2 hadi wa 5 na hupona wenyewe, ingawa huweza kuchukua wiki nyingi. Pakiwa pamevimba kwa kuonekana, madaktari huita hali hiyo kwa jina la Alexander Tietze, daktari wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1921. Onyo moja ni la lazima hapa: kuuma unapobonyeza hakuthibitishi kwamba moyo ni mzima. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Pili, vuta pumzi ndefu, kisha kohoa mara moja. Kichomo kikali kinachokatisha pumzi huelekeza kwenye utando wa mapafu, nimonia, donge la damu kwenye pafu, ubavu uliovunjika au msuli uliochanika. Hicho ndicho watu wengi hukiita kichomi, na wengi hukichukulia kuwa jambo dogo. Kichomi chenye homa na kikohozi ni sababu ya kwenda kupimwa siku hiyo hiyo.

Tatu, geuza kiwiliwili kulia na kushoto, inua mikono, inama. Maumivu yanayofuata mwendo wa mwili, hasa baada ya kubeba mzigo, kikohozi cha siku nyingi au mazoezi mapya, mara nyingi ni ya misuli au ya mbavu zenyewe. Kikohozi kikali peke yake kinaweza kuvunja ubavu.

Nne, linganisha na chakula. Maumivu ya mawe ya nyongo hutokea mara nyingi baada ya mlo wenye mafuta au usiku wa manane, hupanda haraka, hukaa bila kupungua kwa nusu saa hadi saa kadhaa, kisha huachia. Yakipita saa 6 hivi, au yakija na homa, kifuko chenyewe huenda kimevimba na kuambukizwa. Daktari atabonyeza chini ya mbavu za kulia na kukuambia uvute pumzi. Pumzi ikikatika ghafla kwa uchungu, hiyo ni ishara iliyopewa jina la John Benjamin Murphy, mpasuaji wa Chicago. Usijaribu kujipima ishara hiyo mwenyewe, kwani mkono usiozoea hubonyeza mahali pasipostahili na hupata jibu la kupotosha.

Tano, angalia unavyokaa. Mwenye jiwe la figo hawezi kutulia, anageuka huku na huku, na maumivu huja kwa mawimbi. Mwenye tumbo lililochafuka ndani, kwa mfano penye kiungo kilichopasuka, hulala kimya kwa sababu kila mtikisiko unamuumiza.

Sita, angalia ngozi. Mkanda wa jeshi huanza na maumivu ya kuungua upande mmoja, siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokea, na katika siku hizo wagonjwa wengi hutibiwa moyo, nyongo au figo bila sababu. Ngozi inayouma ukiigusa na nguo tu ni dalili ya kuzingatia sana.

Hatua ya 4. Weka kumbukumbu kwa siku chache

Hatua hii ni ya wale tu waliopita salama hatua ya kwanza na ambao maumivu yao si makali. Siku 5 hadi 7 zinatosha. Kila maumivu yanapokuja, andika saa, muda yaliodumu, ulichokuwa unafanya, ulichokula kabla yake, na ukali wake kati ya 0 na 10. Pima joto la mwili asubuhi na jioni. Andika rangi ya mkojo na ya choo, kwa sababu mkojo wa rangi ya chai ya rangi pamoja na choo cheupe ni alama kwamba nyongo haifiki utumboni, na hapo kumbukumbu imekwisha kazi na safari ya hospitali imeanza.

Kwa ajili ya tabibu wa Kichina ongeza mambo ambayo daktari wa hospitali huenda asiyaulize. Je, maumivu ni ya kujaa na kukaza, ya kuchoma kama sindano, au ya kufukuta polepole? Yanahama au yamekaa pale pale? Yanazidi usiku, au unapokasirika, au unapochoka? Ukibonyezwa unapata nafuu au unaumia zaidi? Kinywa kina ladha gani asubuhi? Usingizi, choo, kiu na hedhi vikoje? Piga picha ya ulimi wako kwenye mwanga wa mchana kabla ya kunywa au kula chochote. Usiusugue kwa mswaki kabla ya picha, na kumbuka kwamba kahawa na peremende za rangi hubadilisha utando wake na kumdanganya mtazamaji.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kumeza dawa za maumivu mchana kutwa kisha kuandika kwamba maumivu yamepungua. Ukizitumia, andika jina, kiasi na saa. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24 kwa mtu mzima mwenye afya, na mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe aulize kiwango cha chini zaidi. Dawa za jamii ya ibuprofeni si za kila mtu: wenye vidonda vya tumbo, wenye matatizo ya figo na wajawazito wasizitumie bila ushauri.

Hatua ya 5. Fahamu kila kipimo kinajibu swali gani

Watu hukata tamaa wakiambiwa "vipimo viko sawa" kwa sababu hawakujua kipimo kilitafuta nini. Kipimo cha umeme wa moyo kinatafuta moyo unaokosa damu au unaokwenda vibaya, na kimoja kilicho safi hakitoshi ikiwa maumivu yanaendelea. Hapo hurudiwa, pamoja na vipimo vya damu vya moyo. Picha ya eksirei ya kifua huonyesha nimonia, maji kuzunguka mapafu, au hewa iliyovuja na kulisinyaza pafu. Ubavu uliovunjika bila kuachana huweza usionekane kabisa katika picha ya mwanzo.

Ultrasaundi ndiyo kipimo cha kwanza cha mawe ya nyongo. Nenda bila kula kwa saa 6 hadi 8, kwa sababu chakula hukikunja kifuko cha nyongo na kuficha kilichomo. Hapa nina neno la tahadhari: watu wengi wana mawe ya nyongo yasiyowasumbua maisha yao yote. Kuonekana kwa jiwe hakuthibitishi kwamba ndilo linalouma, na ndiyo maana ile kumbukumbu ya hatua ya 4 ina uzito kuliko wagonjwa wanavyodhani.

Vipimo vya damu vya ini hupima vimeng'enya vinavyovuja seli zinapoharibika, pamoja na rangi ya nyongo. Ini lenyewe halina neva za maumivu ndani yake. Kinachouma ni gamba lake linapovutwa na uvimbe. Kwa hiyo ini linaweza kuharibika kimya kimya kwa miaka bila ubavu kuuma, na ubavu unaweza kuuma sana ilhali ini ni zima. Kipimo cha homa ya ini aina B na C hufanywa kando. Hakimo ndani ya vile vimeng'enya, basi kiombe kwa jina lake. Mkojo nao hupimwa kutafuta damu na maambukizi ya figo. Mwanamke mwenye maumivu ya kulia pamoja na ya chini ya tumbo, homa au uchafu ukeni aseme wazi, kwa kuwa maambukizi ya via vya uzazi huweza kupanda hadi kwenye utando unaolizunguka ini.

Hatua ya 6. Isome lugha ya tiba ya Kichina kama ilivyo

Hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapozaliwa. Tabibu wa Kichina anaposema "ini", hasemi kile kiungo cha kilo 1.5. Anataja mfumo wa kazi: kusambaza chi, yaani nguvu inayoendesha mwili, ili itiririke bila kukwama, kuhifadhi damu, kulisha kano na macho, na kupokea athari za hasira na mfadhaiko. Mikondo ya ini na nyongo, yaani njia inamopita chi, hupita ubavuni, na hiyo ndiyo sababu xietong huunganishwa nayo. Huangdi Neijing, maandishi ya kale yaliyokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, tayari yanasema kwamba ubaya ukiingia kwenye ini, pande zote mbili za mbavu huuma. Maandishi hayo hayo husema kwamba chi ya ini huinukia kushoto. Kwa hiyo usishangae ukiumwa kushoto na bado ukaambiwa ni ini, wala usidhani kwamba tabibu hajui ini liko wapi.

Msingi wa maelezo yote ni mawili: maumivu hutokea pale panapoziba, au pale pasipolishwa. Kutokana na hayo hupatikana sura nne kuu, yaani makundi ya dalili yanayokuja pamoja.

Ya kwanza ni kukwama kwa chi ya ini. Maumivu ni ya kujaa na kukaza, yanahama, yanapanda na kushuka kufuatana na hisia, na mgonjwa hushusha pumzi ndefu mara kwa mara. Mapigo ya mshipa huwa yamekazika kama uzi wa ala ya muziki. Mchanganyiko wa jadi unaotumiwa zaidi ni Chaihu Shugan San.

Ya pili ni kutuama kwa damu. Maumivu huchoma, hayahami, huzidi usiku na hayataki kuguswa, nao ulimi huwa na rangi ya zambarau au madoa meusi. Mara nyingi kuna jeraha la zamani, au chi iliyokwama kwa muda mrefu. Mchanganyiko wa Xuefu Zhuyu Tang unatokana na Wang Qingren, aliyechapisha mawazo yake kuhusu damu iliyotuama mwaka 1830.

Ya tatu ni unyevu na joto katika ini na nyongo. Kinywa ni kichungu, kuna kichefuchefu, mafuta hayaliki, mkojo ni wa njano, macho yanaweza kuwa ya manjano, na ulimi una utando mzito wa njano. Hapa hutajwa Longdan Xiegan Tang. Nasisitiza: kila mwenye sura hii awe amepimwa hospitalini kabla ya kunywa chochote, kwa kuwa dalili hizi ndizo zile zile za homa ya ini na za mirija ya nyongo iliyoziba.

Ya nne ni upungufu wa yin ya ini, yaani ule upande wa mwili unaoleta ubaridi na unyevu. Maumivu ni ya kufukuta, hayaishi, huzidi kwa uchovu na hupungua kwa mapumziko. Kinywa na macho ni makavu, ulimi ni mwekundu wenye utando haba. Hii huonekana zaidi kwa wagonjwa wa muda mrefu na kwa wazee.

Nje ya hizo nne kuna hali mbili za kukumbuka. Zhang Zhongjing, tabibu aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han katika China ya kale, alieleza mgonjwa mwenye ubavu uliojaa, kinywa kichungu, na baridi inayopokezana na homa. Alieleza pia hali aliyoiita xuanyin, ambapo majimaji hujikusanya ubavuni na mgonjwa huumia anapokohoa. Msomaji wa leo ataona katika hiyo ya pili sura ya maji kuzunguka pafu, na mgonjwa wa aina hiyo anahitaji picha ya kifua na uchunguzi wa kifua kikuu bila kuchelewa.

Hatua ya 7. Yaweke maelezo mawili kando kwa kando bila kuyachanganya

Gawa ukurasa wa daftari katika safu mbili. Kushoto andika jina la ugonjwa kutoka hospitalini na ushahidi wake, na kulia andika sura ya Kichina na dalili zilizoitaja. Usichore mstari wa kuunganisha safu hizo mbili. Watu wawili wenye mawe ya nyongo wanaweza kupewa sura mbili tofauti, mmoja chi iliyokwama na mwingine unyevu na joto. Na watu watatu wenye unyevu na joto wanaweza kuwa na homa ya ini, mawe, na vipele vya mkanda wa jeshi. Jina moja halikupi jingine.

Yule aliyeambiwa chi ya ini imekwama huku vipimo vya ini vikiwa safi hajadanganywa na upande wowote. Hospitali imejibu swali la kama seli za ini zinaharibika. Tabibu amejibu swali la jinsi maumivu yanavyojiendesha pamoja na hisia, usingizi na usagaji wa chakula. Kosa ni kuchukua jibu la swali moja na kulitumia kwa swali jingine, na kosa hilo huenda pande zote mbili: kuna wanaoacha dawa za homa ya ini kwa sababu mapigo ya mshipa yameambiwa ni mazuri.

Hatua ya 8. Chagua matibabu kwa usalama

Ugonjwa wenye jina la hospitali linalohitaji dawa au upasuaji utibiwe hivyo kwanza. Tiba ya Kichina inaweza kuongezwa, madaktari wote wawili wakijua. Zingatia haya:

Mitishamba ina nguvu, na kwa hiyo ina madhara. Mmea wa guan mutong, uliokuwa ukiwekwa katika Longdan Xiegan Tang, una asidi ya aristolokiki, inayoharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. China iliuondoa katika matumizi ya dawa mwaka 2003. Uliza kwa jina kama dawa yako haina mmea wa jamii hiyo, na usinunue mchanganyiko usio na orodha ya viungo. Xiao Chaihu Tang, unaosifiwa sana kwa ubavu uliojaa, ulihusishwa nchini Japani katika miaka ya 1990 na aina hatari ya nimonia isiyotokana na vijidudu, hasa kwa wagonjwa wa ini waliokuwa wakitumia pia interferoni, dawa ya kutibu homa ya ini. Mizizi ya danshen, inayotumiwa kusukuma damu, huongeza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kuleta hatari ya kuvuja damu.

Sindano za akupancha zikichomwa kwa kina ubavuni au mgongoni zinaweza kutoboa pafu. Tabibu mwenye ujuzi kwa kawaida hutumia pia sehemu za mbali, kama Yanglingquan chini ya goti na Taichong juu ya wayo, na ni haki yako kuomba aanzie huko. Sindano ziwe za kutumika mara moja tu. Vikombe vya kunyonya visiwekwe juu ya ubavu uliovunjika, malengelenge, wala kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Ubavu uliovunjika haufungwi bendeji ya kukaza, kwa kuwa pumzi fupi hualika nimonia. Tuliza maumivu vya kutosha ili uweze kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, ukikumbatia mto kifuani. Kwa kawaida huchukua wiki 6 hivi kupona.

Mambo yakikwama

*Vipimo vyote ni safi lakini maumivu hayaishi.* Uliza kuhusu ubavu unaoteleza, hali ambapo ncha ya ubavu wa 8 hadi wa 10 hulegea na kukwaruza neva ya jirani. Mara nyingi hugunduliwa kwa mkono wa daktari, na picha za kawaida hazionyeshi kitu. Uliza pia kuhusu uti wa mgongo wa kifuani. Kwa wagonjwa wa kundi hili ambao hatari zimekwisha kuondolewa, tiba ya Kichina inaweza kujaribiwa kwa wiki chache na kupimwa kwa daftari lile lile.

*Malengelenge yametokea.* Nenda siku hiyo hiyo. Dawa za virusi vya mkanda wa jeshi hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee.

*Maumivu yalikuja ghafla na homa, na watu wengine nyumbani wameugua vivyo hivyo.* Kuna maambukizi ya virusi vya jamii ya Coxsackie yanayokamata misuli ya mbavu kwa vipindi vikali, na jina lake linatoka kwenye kisiwa cha Bornholm nchini Denmark. Hupona kwa mapumziko, lakini nimonia iondolewe kwanza.

*Matabibu wawili wa Kichina wametoa sura mbili tofauti.* Waonyeshe wote kumbukumbu zako na picha ya ulimi, na uliza ni dalili zipi zilizowaongoza. Sura hubadilika kadiri ugonjwa unavyoendelea, hivyo tofauti ya wiki kadhaa inaeleweka. Tofauti ya siku ile ile bila maelezo ni sababu ya kutokunywa mchanganyiko wowote kati ya hiyo miwili.

*Kifuko cha nyongo kimeondolewa na maumivu yamerudi.* Jiwe linaweza kuwa limebaki au limetokea ndani ya mrija. Rudi upimwe damu ya ini na ultrasaundi, hasa ukiona manjano au homa.

*Kikohozi kimezidi wiki 2, unapungua uzito na unatoka jasho usiku.* Omba kipimo cha makohozi cha kifua kikuu, hata kama ubavu ndio unaokusumbua zaidi.

*Ulianza mitishamba na sasa una kichefuchefu, ngozi inawasha au mkojo umekuwa mweusi.* Acha mara moja, chukua pakiti pamoja na mabaki ya dawa, na umwonyeshe daktari leo, ukimtajia tarehe uliyoanza kuitumia.